Bunia: Kabla ya mbwa wa kuongoza vipofu, kuna mtoto anayeshika fimbo

Asubuhi ya siku ya kazi, kwenye Boulevard de Libération mjini Bunia, si vigumu kukutana na fimbo moja iliyoshikwa na watu wawili. Mbele anatembea mtoto wa miaka minane au tisa. Nyuma anafuata mzee asiyeona, mkono mmoja kwenye fimbo, mkono mwingine juu ya bega la mtoto pale njia inapokuwa mbaya. Wanapita kati ya pikipiki za wamotari, wanazunguka mtaro ulio wazi, wanasimama mbele ya magazini. Mzee anatoa salamu, mtoto ananyoosha mkono. Ni saa tatu. Watoto wenzake wako darasani. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure katika Kongo, lakini bure hiyo haimfikii mtoto ambaye macho yake yamekuwa macho ya babu yake.

Katika nchi nyingine kazi ya mtoto huyo inafanywa na mbwa. Si mbwa yeyote. Ni mbwa aliyechaguliwa akiwa mdogo, akalelewa mwaka mmoja hivi katika nyumba ya watu ili azoee kelele, ngazi, magari na watoto, kisha akapelekwa kwa walimu wake kwa miezi kadhaa. Anavaa mkanda mgumu wenye mpini, na asiyeona anashika mpini huo. Mbwa anasimama kabla ya ngazi, anapita pembeni ya shimo, na gari likija anakataa kuvuka barabara hata kama bwana wake amemwambia aende. Hili la mwisho ndilo gumu kumfundisha: kutii siku zote, halafu siku moja kukataa amri kwa sababu amri ni mbaya. Kuna pia mbwa wanaomjulisha kiziwi kwamba mlango umegongwa au mtoto analia, na wengine wanaomsaidia mtu wa kiti cha magurudumu kuokota kitu kilichoanguka, kufungua mlango, kuvuta droo.

Habari hii ikisemwa Bunia, watu wanacheka. Mbwa amwongoze mtu? Mbwa apande gari la abiria, aingie benki, aingie kanisani? Na wengine hawacheki, wanakasirika: watu hawajala, sasa zamu ya mbwa?

Kicheko hicho na hasira hiyo vina sababu. Mji wa Bunia umebeba maelfu ya watu waliokimbia Djugu, Irumu na kwingineko; wengine wako Kigonze tangu miaka mingi, chini ya hema, wanasubiri mgao wa unga. Mtu kama huyo akisikia kwamba huko Marekani kumfundisha mbwa mmoja kunafikia dola elfu 40 na zaidi, ana haki ya kugeuza uso. Lakini kicheko kinaficha jambo moja ambalo wakaaji wa Ituri wangelielewa kuliko wengi. Mbwa huyu hakuzaliwa katika starehe. Alizaliwa katika vita.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wengi wa Ujerumani walirudi kutoka mstari wa mbele bila macho, wengine kwa risasi na vipande vya bomu, wengine kwa gesi ya sumu. Daktari mmoja, Gerhard Stalling, aliwaza jinsi mbwa wangeweza kuwasaidia. Mwaka 1916 ikafunguliwa shule ya kwanza ya aina hiyo katika mji wa Oldenburg. Miaka michache baadaye Mmarekani mmoja mwanamke aliyekuwa akifuga mbwa Uswisi, Dorothy Eustis, alitembelea shule ya namna hiyo huko Ujerumani, akaandika habari yake katika gazeti la kwao mwaka 1927. Kijana asiyeona wa Tennessee, Morris Frank, alisomewa habari hiyo. Akavuka bahari mwaka 1928, akafundishwa Uswisi pamoja na mbwa jike aliyemwita Buddy, akarudi naye New York na kuvuka barabara yenye magari mengi mbele ya waandishi wa habari. Mwaka 1929 yeye na Eustis wakaanzisha The Seeing Eye, shule ambayo ipo hadi leo. Uingereza ikafuata 1931 na mbwa wanne. Afrika Kusini ikapata shirika lake mwaka 1953.

Wajerumani wale hawakusubiri nchi iwe tajiri na tulivu. Ujerumani ya 1916 ilikuwa na njaa. Walianza kwa sababu walikuwa na vipofu wengi kwa mara moja, vijana, na hawakutaka kuwaona wakiomba barabarani.

Hata bei ile ya dola elfu 40 inahitaji kuelezwa vizuri, maana ndiyo inayofunga mazungumzo upesi. Asiyeona hailipi. The Seeing Eye inamwomba mwanafunzi wa mara ya kwanza dola 150, zaidi kwa ajili ya heshima yake kuliko kwa ajili ya hesabu. Kinachobaki kinatoka kwa watu wanaochanga. Familia zinazolea watoto wa mbwa zinafanya hivyo kwa kujitolea. Maana yake nyuma ya kila mbwa mmoja kuna kijiji kizima cha watu: anayezalisha, anayelea, anayefundisha, daktari wa mifugo, anayechanga. Kinachokosekana Bunia si mbwa. Mbwa wapo wa kutosha, wanalala hata katikati ya barabara. Kinachokosekana ni kijiji hicho.

Kuna pia ukweli mwingine ambao wapenda mbwa hawausemi sana. Mbwa mwongozaji hajui njia. Yeye hampeleki mtu sokoni. Mtu ndiye anayejua kwamba soko kuu liko upande gani, ahesabu njia panda, amwambie mbwa kulia au kushoto. Mbwa anazuia tu asigongwe na asianguke. Kwa hiyo shule nyingi za mbwa duniani zinamtaka mwombaji awe tayari anajua kutembea peke yake kwa fimbo nyeupe. Huko asiyejua fimbo hapewi mbwa. Fimbo hiyo ndefu, na namna ya kuipiga kushoto na kulia mbele ya mguu, ilitengenezwa na Mmarekani Richard Hoover katika hospitali ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili. Tena vita.

Sasa Bunia. Ni wangapi kati ya wasioona wa mji huu wana fimbo nyeupe, si tawi la mti? Na kati ya wenye nayo, ni wangapi walifundishwa kuitumia? Jibu linaonekana barabarani bila kufanya uchunguzi. Fimbo ya Bunia ni ya kuvutwa, haipigi njia. Upande mmoja kuna mtu, upande mwingine kuna mtoto.

Na njia yenyewe? Kwenye boulevard lami ipo, lakini pembeni, pale ambapo mtu wa miguu angepita, kuna meza za wanaouza mafuta ya chupa, unga wa muhogo, vitenge, kadi za simu. Mtaro uko wazi. Pikipiki inapita upande wowote penye nafasi. Ukiingia ndani ya kartie, Nyakasanza, Mudzipela, Bankoko au Simbilyabo, njia ni udongo: vumbi wakati wa kiangazi, tope na makorongo wakati wa mvua. Labrador aliyefundishwa kusimama kwenye ukingo wa njia ya waenda kwa miguu angetafuta ukingo huo mchana kutwa asiuone. Mtu atakayeleta Bunia mbwa wa Ulaya kwa ndege, apige naye picha, kisha aondoke, atakuwa ameleta mnyama wa kuteseka na kipofu wa kutazamwa.

Halafu kuna mbwa wenyewe wa hapa na maisha yao. Mbwa wa Bunia anajulikana kwa kazi moja: kufungwa mchana, kufunguliwa usiku, nyuma ya geti lililoandikwa « Chien méchant ». Anakula mabaki ya bugali na vichwa vya samaki siku yapo. Jina lake ni tusi. Katika sehemu kadhaa za Kongo anaishia kwenye chungu. Na watu wanamwogopa, si bure. Kichaa cha mbwa kinaua karibu watu elfu 59 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Nne kati ya kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Kuosha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, kisha kupata chanjo, ndiyo njia ya kupona, lakini chanjo ya mtu ni ghali na si kila kituo cha afya kinayo. Mama anayemvuta mtoto wake mbali na mbwa sokoni hana ujinga wowote. Anafanya hesabu sahihi.

Kwa hiyo anayetaka siku moja mbwa aingie hospitali au basi mjini Bunia pamoja na mtu asiyeona, kazi yake ya kwanza haihusu vipofu. Ni chanjo ya mbwa. Wataalamu wanasema saba kati ya kumi wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Chanjo ya mbwa ni rahisi mara nyingi kuliko ile ya mtu aliyeumwa. Mji ambao mbwa wake hawana kichaa unaweza kuzungumza na mbwa kwa namna nyingine.

Dini nayo itaulizwa, na ni haki iulizwe. Kwa Waislamu wengi wa Bunia, mate ya mbwa ni najisi, na mbwa hakai ndani ya nyumba ya kusalia. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda anaruhusiwa, na Korani yenyewe inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu yake mlangoni pa pango walimolala wale vijana. Mwaka 2008, huko Leicester, Uingereza, msikiti mmoja ulikubali mbwa wa kijana asiyeona aingie mpaka eneo la mlangoni na kumsubiri hapo wakati anasali. Wanazuoni walikaa, wakatafuta njia, wakaipata. Kwa Wakatoliki, kitabu cha Tobiti kina baba aliyepofuka, kijana anayesafiri kwa ajili ya nyumba yake, na mbwa anayewafuata njiani. Mbwa yule hafanyi kitu chochote kikubwa katika hadithi. Anafuata tu. Lakini aliyeandika alimwona, akamweka.

Na Ituri haina sababu ya kujiona mgeni mbele ya mbwa anayefanya kazi na mtu. Katika msitu wa Ituri, Wambuti wanawinda na mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambao habweki kama wengine. Kwa kuwa hawabweki, mwindaji anawafunga shingoni njuga ya mti, ili ajue mbwa yuko wapi ndani ya majani na mnyama akimbilie kwenye nyavu. Ni mapatano ya zamani kati ya mtu na mnyama: mmoja ana pua, mwingine ana nyavu, na njuga inawaunganisha. Wazungu walipenda mbwa huyu. Mwaka 1895 walimwonyesha London kwa jina la mbwa wa Kongo, na baadaye, katika miaka ya 1930, wakafaulu kumzalisha Ulaya. Leo dunia nzima inamwita basenji. Msomaji wa Bunia hahitaji kutafsiriwa neno hilo. Ni lile lile linalotumiwa kumtukana mtu wa kijijini. Mbwa wa msituni alibeba tusi la watu wake mpaka kwenye mashindano ya uzuri ya Ulaya. (Kwa haki, wanaomfuga wanasema ana kichwa kigumu na anapenda kukimbiza vitu, kwa hiyo si yeye atakayewaongoza vipofu.)

Mfano wa karibu zaidi hauko Ulaya. Uko upande wa pili wa Ziwa Albert. Kutoka Bunia njia inapanda Mahagi, inavuka mpaka Goli, inapita Nebbi na daraja la Nile pale Pakwach, na kuendelea mpaka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Gulu ilikuwa katikati ya vita vya LRA kwa miaka karibu 20, waasi wale wale ambao baadaye waliingia Haut-Uele na kufanya wakaaji wa huko walale porini. Mtoto mmoja wa eneo lile, Francis Okello Oloya, alikuwa na miaka 12 alipokuwa akilima shamba la familia na bomu lililobaki ardhini likalipuka. Alipoteza macho. Alipelekwa shule ya bweni, na usiku choo kilikuwa mbali. Aliona haya kuwaamsha wenzake kila mara. Mbwa waliokuwa wakizurura pale shuleni walizoea kutembea naye mpaka chooni na kurudi. Hakuna aliyewafundisha.

Okello alikua, akasoma saikolojia, akarudi kwa mbwa. Mradi aliouanzisha Gulu, kwa Kiingereza unaitwa The Comfort Dog Project na uko ndani ya shirika la BIG FIX Uganda, unachukua mbwa wa mitaani, unawatibu, unawachanja, unawafunga uzazi, unachunguza tabia zao, kisha unamkabidhi kila mbwa kwa mtu aliyeumizwa rohoni na vita: aliyetekwa akiwa mtoto, aliyelazimishwa kuua, aliyerudi na kukataliwa na kijiji. Mtu na mbwa wanafundishwa pamoja kwa muda wa miezi, na mtu anakubali kumtunza mnyama maisha yake yote. Wapo walioeleza kwamba usiku walianza kulala, kwamba waliacha kuwaza kujiua, kwamba mbwa anawaamsha ndoto mbaya inapowashika.

Ni lazima kusema wazi: hawa si mbwa wa kuongoza vipofu. Hawana mkanda wa mpini wala hawavushi mtu barabara. Na mbwa hachukui nafasi ya daktari wala ya dawa. Lakini mradi wa Gulu unajibu maswali matatu yanayoifunga Bunia. Mbwa wanatoka wapi? Mtaani. Nani anafundisha? Watu wa pale pale. Na mnyama ambaye jamii inamtupia mawe, je, jamii hiyo hiyo inaweza kumpokea? Gulu nako walicheka mwanzoni. Mbwa aliyechanjwa, msafi, anayetii, akitembea pembeni ya mtu ambaye mwaka uliopita alikuwa hatoki nyumbani, anamaliza kicheko bila mkutano wowote.

Ituri ina watu wa namna hiyo wangapi? Tangu vita vya 1999 mpaka 2003, vilivyoacha makovu ya panga kwenye miili ya watu wa pande zote, mpaka mashambulizi ya CODECO na ADF ya miaka hii, hakuna kartie ya Bunia isiyo na mtu aliyekatwa mkono, aliyeona wazazi wakiuawa, au aliyerudi kutoka msituni na haongei. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022 peke yake, kwenye kambi ya Plaine Savo katika Djugu, watu karibu 60 waliokuwa tayari wamekimbia mara moja waliuawa kwa panga na risasi. Walionusurika wana miili na wana roho. Miili inapata bendeji.

Kuna na upofu usiotoka kwenye vita. Katika teritware ya Mahagi, zone ya afya ya Logo, watafiti wameona kifafa kingi katika vijiji vilivyo karibu na mito ambako inzi mweusi anaeneza onchocerciasis, ugonjwa unaoitwa upofu wa mtoni. Inzi mmoja, mizigo miwili: macho na kifafa. Hapa mbwa asiongelewe kwanza. Kiongelewe kidonge cha Mectizan, ambacho kampuni ya Merck inakitoa bure tangu 1987 kwa ugonjwa huo, na ambacho kinahitaji tu kufika kijijini, kila mwaka, bila kukatizwa na barabara iliyofungwa kwa risasi. Kipofu ambaye hakupofuka hahitaji kuongozwa na mtu wala mnyama.

Kwa upande wa sheria, Kongo haiko nyuma. Nchi iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Kifungu cha 20 cha mkataba huo kinazitaka serikali kurahisisha mwendo wa mtu mwenye ulemavu kwa vifaa na kwa msaada wa viumbe hai, kwa bei anayoiweza. Kisha ikaja Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Maandishi yapo. Lakini mlinzi wa mlango wa benki hajayasoma, wala dereva wa basi, wala mkuu wa shule anayesema hana mwalimu wa kumfundisha asiyeona. Ituri, tangu Mei 2021, iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kinachohitaji saini kinahitaji saini moja ya gavana. Ni shida kwa mambo mengi, lakini kwa hili ingekuwa upesi: uamuzi wa jimbo unaosema kwamba ofisi ya leta, hospitali, shule, soko na gari la abiria haviwezi kumkataa mtu kwa sababu ya fimbo yake, kiti chake, mtu anayemwongoza, au siku moja mnyama aliyefundishwa na kuchanjwa.

Siku moja, kwa sababu mbwa atakuwa wa mwisho kufika, na si vibaya. Kila hatua inayomleta ina faida hata asipofika. Chanjo ya mbwa inaokoa watoto wa mama wote wa Bunia, wenye macho na wasio nayo. Kufunika mitaro na kuziondoa meza kwenye njia ya waenda kwa miguu kunamsaidia mzee, mjamzito, mtoto wa shule. Meya anajua hilo. Huondoa meza hizo mara kwa mara, na zinarudi wiki inayofuata, kwa sababu mama anayeuza unga hakuonyeshwa mahali pengine pa kukaa. Mafundi wa Bunia wanaotengeneza mageti na vitanda vya chuma wanaweza kutengeneza fimbo nyeupe nyepesi. Anayejua kufundisha matumizi yake akiletwa kwa miezi michache, kutoka Kampala au Kinshasa, anaweza kuacha nyuma wakaaji kumi wanaojua kufundisha wengine. Gharama yake haifiki ya labrador mmoja.

Vyama vya watu wenye ulemavu vya Ituri vina neno la kusema hapa, na vimezoea kuitwa tarehe 3 Desemba, siku yao ya kimataifa, kupiga picha na kupokea maneno. Wao ndio wanaopaswa kuamua kama mbwa wa Gulu waalikwe Bunia au la. Wengine watakataa, wataona ni dharau kumpa mnyama mtu ambaye amenyimwa kazi, nyumba na shule. Neno lao lisikilizwe. Wengine watataka kuona kwa macho yao, na safari ya Gulu, barabara ya Mahagi ikiwa salama, si ya siku nyingi.

Lakini mtoto wa fimbo hawezi kusubiri mjadala huo. Si kwamba anateswa na babu yake. Mara nyingi ndiye mtu anayempenda kuliko wote, na mzee akiachwa peke yake hatoki nje wala hali. Kumkamata mtoto barabarani na kumfunga mahali, kama inavyofanywa mara kwa mara katika miji ya Kongo, ni kumwacha mzee gizani mara ya pili. Anayetaka kumtoa mtoto mbele ya fimbo lazima kwanza aweke kitu kingine mahali pake: mafunzo ya kutembea, kikundi cha kuongozana, kazi ya mikono inayomfanya mzee asilazimike kuzunguka mji mzima kutafuta franka 500.

Kalenda yenyewe inasaidia. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupiga vita kichaa cha mbwa, na huduma ya mifugo ya jimbo inaweza kuifanya siku ya chanjo katika komuni zote tatu za mji, Mbunya, Nyakasanza na Shari. Tarehe 15 Oktoba ni siku ya fimbo nyeupe. Kabla ya tarehe hizo kuna kazi moja ambayo haihitaji mfadhili wala gari la shirika: kuhesabu watoto wanaoongoza wazazi, babu na bibi zao katika barabara za Bunia saa za masomo. Hawafichiki. Machefu wa kartie na wa avenyi wanawajua, wengi wao kwa majina.